Miwani ya Kusomea Si Pambo

Kuna picha moja naiona kila wiki, na wewe msomaji umeiona. Kitabu kimefunguliwa juu ya meza ya mbao. Pembeni kuna kikombe cha kahawa, au ua la asumini kama mpigaji ni mtu wa pwani. Katikati ya ukurasa neno moja limesimama wazi, tuseme “moyo”, na mistari yote ya juu na ya chini yake imeyeyuka kama siagi iliyosahauliwa juani. Chini ya picha watu wanamimina sifa. Mashallah, hii ni sanaa. Mwingine anauliza ni lenzi gani hiyo. Hakuna hata mmoja anayeuliza ni kitabu gani, wala huo mstari wenye “moyo” unasema nini.

Mimi nimechoka na picha hiyo. Na kabla hujanirushia jiwe, nikiri mapema: nimeipiga mara nyingi kuliko wengi wenu. Nilikuwa bingwa wake. Nayaandika haya hapa, kwa wapenda fasihi, wala si kwa wapiga picha, kwa sababu ugonjwa huu ni wetu. Sisi ndio tunaopiga picha kurasa, hati, barua za marehemu, majalada ya vitabu visivyochapishwa tena. Mpiga picha wa harusi akiweka ukungu nyuma ya bibi harusi hajamwibia mtu kitu. Sisi tukiweka ukungu juu ya maandishi tumeiba maneno.

Niwaeleze kwanza chombo chenyewe, maana wengi tunakitumia bila kukijua.

Lenzi ninayoizungumzia ni zile za zamani za milimita 50, za f/1.4, ambazo hazivuti wala hazirudishi. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, sogea mwenyewe. Fokasi yake ni ya mkono: kuna pete unaizungusha mpaka jicho likuambie basi. Hiyo f/1.4 maana yake ni kwamba tundu linalopitisha mwanga ni pana sana. Gawanya 50 kwa 1.4 utapata karibu milimita 36, yaani tundu la upana unaozidi sarafu. Ndiyo maana zilipendwa enzi za filamu, kwani ndani ya nyumba yenye taa ya chemli ulikuwa bado unaweza kupiga picha bila kutumia flashi.

Lakini lenzi hizi zina udhaifu mmoja. Haziwezi kusogea karibu. Nyingi hukomea kama sentimita 45 kutoka kwenye kitu, na kwa umbali huo ukurasa wa daftari unakuwa mdogo ndani ya picha. Dawa ya bei nafuu ni kioo cha nyongeza, kile kinachofungwa mbele ya lenzi kama kichujio, kwa kuzungusha tu. Vinauzwa kwa namba: +1, +2, +4, +10. Kama namba hizo unazifahamu, si ajabu. Ni zilezile za miwani ya kusomea. Mzee anayevaa +2 na kioo cha +2 cha kamera wanafanya kazi moja kwa hesabu moja: gawanya mita 1 kwa namba, utapata umbali ambao kitu kitaonekana wazi wakati lenzi imewekwa kutazama mbali kabisa. Ukiwa na +2 ni sentimita 50. Ukiwa na +4 ni sentimita 25. Ukiwa na +10 ni sentimita 10.

Kwa hiyo tukubaliane hapa: kioo cha nyongeza ni miwani ya kusomea ya kamera. Sasa niambie, ni nani anayevaa miwani ya kusomea ili asisome?

Mimi nilivaa.

Bibi yangu mzaa mama aliishi Tanga, kwenye nyumba ya bati yenye baraza la saruji na mwarobaini mmoja. Alisoma chuo tu, hakwenda skuli, lakini hati ya Kiarabu aliimiliki kama wengine wanavyomiliki sindano na uzi. Aliandika mashairi ya Kiswahili kwa hati hiyo katika daftari dogo la mistari, kwa kalamu ya wino wa bluu. Hakumwonyesha mtu. Nilipokuwa mtu mzima, nimenunua kamera na lenzi kuukuu ya f/1.4 kwa fundi mmoja aliyekuwa anafunga studio yake, nilimwomba niipige picha kila karatasi.

“Za nini?” akaniuliza.

“Za kuweka, bibi. Zisipotee.”

Akacheka, akanipa. Nikaketi dirishani asubuhi, jua la upande likiingia vizuri, nikafunga kioo cha +4 mbele ya lenzi, nikafungua tundu lote mpaka 1.4. Na nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia najificha uso: nikachuma maua ya asumini mlangoni nikayalaza pembeni mwa kurasa. Nikainamisha kamera ili mistari iende mbali kama barabara. Nikapiga picha 41. Zilipotokea kwenye kompyuta nilijiona msanii mkubwa. Nilizirusha Instagram mbili tatu, na sifa zikaja.

Mwaka uliofuata bibi aliugua, tukamleta kwetu Dar es Salaam. Nyumba ya Tanga ikafungwa. Masika ikaja, bati likavuja juu ya chumba chake, juu ya sanduku lake, na wino wa bluu wa kalamu haupatani na maji. Tulilikuta daftari baada ya mazishi. Lilikuwa donge. Ukifunua karatasi, inabanduka na sura ya samawati isiyo na herufi.

Hakuna aliyelia sana kuhusu daftari, kwa sababu kila mtu alijua mimi nilikuwa na picha.

Siku ya arobaini alikuja mdogo wake bibi, babu yetu mmoja mwembamba sana anayetembea na fimbo. Kati yake na bibi palikuwa na ugomvi wa shamba la minazi waliloachiwa na baba yao, ugomvi mrefu kuliko umri wangu. Hawakuwa wakisalimiana. Nilimwamkia, shikamoo babu, akaitikia marahaba, akakaa, na baada ya kisomo akaniita kando.

“Nasikia dada kaniandikia shairi.”

Ni kweli. Bibi aliwahi kunitajia: lile lenye jina la mdogo wangu ndani. Nikaleta kompyuta, nikaitafuta picha, nikaikuza ijae kioo chote. Babu akavaa miwani yake, akainama. Akakaa kimya muda mrefu.

“Ua naliona,” akasema. “Maneno yako wapi?”

Lile ua la asumini lilikuwa kali mpaka ungeweza kuhesabu mishipa ya petali zake. Mstari mmoja wa shairi, ule uliokuwa usawa wa ua, ulisomeka. Jina lake lilikuwa kwenye mstari huo. Mstari uliofuata, uliokuwa umebeba jibu, ulikuwa umeshaanza kuyeyuka. Neno la kwanza lilisomeka karibu lote: -samehe. Kilichobaki ni herufi ya mwanzo. Babu akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. “Hii nuni au te?” akaniuliza.

Kwa wasiosoma hati hiyo, ngoja nieleze, kwa sababu hapa ndipo kesi yangu yote ilipolala. Katika hati ya Kiarabu, herufi kadhaa zinapoanza neno huwa na umbo moja tu, kajino kadogo. Kinachozitenga ni nukta. Nukta moja chini ni be. Mbili chini ni ye. Moja juu ni nuni. Mbili juu ni te. Chukua jino, alifu na wau, na vijiti vyenyewe usivibadilishe hata kidogo, badilisha nukta peke yake: utapata bao, yao, nao, tao. Maneno manne ya Kiswahili, kila moja na nyumba yake. Na mwandishi mwepesi wa mkono zile nukta mbili haziandiki mbilimbili. Anazivuta pamoja kuwa kistari kifupi. Tofauti ya nuni na te katika mkono kama wa bibi ni tofauti ya nukta na kistari kisichofika urefu wa punje ya ufuta.

Nuni ikiwa mwanzo, neno ni nasamehe. Amekwisha kusamehe, anasema sasa hivi. Te ikiwa mwanzo, neno ni tasamehe, ile “nita-” ya washairi iliyokatwa kichwa. Atasamehe. Lini, haijulikani, na kwa sharti gani, huenda mstari uliofuata ulisema, lakini huo nao ulishakuwa maziwa.

Nilikuza picha. Nikaongeza weusi. Nikapunguza. Juu ya lile jino palikuwa na wingu dogo la bluu, la mviringo, laini, lenye kingo za zambarau. Wingu zuri. Huo ndio mlio wa f/1.4 ambao watu hunisifia.

Majuto ni mjukuu, wahenga walisema. Safari hii mjukuu alikuwa mimi mwenyewe.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana sitaki mtu aseme nililemewa na uchungu nikakosea chombo. Kioo cha +4 mbele ya lenzi ya milimita 50 iliyowekwa kutazama mbali hukupa picha ya moja ya tano: kitu cha sentimita 5 kinachora sentimita 1 ndani ya kamera. Kwa kamera ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, eneo lote linaloonekana ni kama sentimita 18 kwa 12, yaani karibu ukurasa mzima wa daftari dogo. Mpaka hapo ni zawadi. Lakini kwa tundu la f/1.4, unene wa eneo linaloonekana wazi, kutoka mbele hadi nyuma, ni kama milimita 2 tu. Ukiinamisha kamera nyuzi 45 kama nilivyofanya, kinachokatwa juu ya karatasi ni ukanda wa milimita 3. Mistari ya daftari la kawaida imeachana kama milimita 8. Kwa maneno mengine, nilikuwa na uwezo wa kusoma chini ya nusu ya mstari mmoja, nikauita usanii.

Funga tundu mpaka f/8, kioo kilekile, lenzi ileile. Unene unakuwa kama milimita 12. Simamisha kamera iangalie karatasi wima, bila kuinama, na ukurasa mzima unaingia, hata ule mgongo wake unaojikunja karibu na uzi wa daftari.

Na si unene peke yake. Kioo cha nyongeza cha bei ya chini ni kipande kimoja cha kioo kilichobinuka, basi. Katikati yake kinafanya kazi ya heshima. Kingoni kinapinda mwanga vibaya: rangi zinaachana, ndiyo ile zambarau, na weupe wa karatasi unamwagikia weusi wa wino kama ukungu wa alfajiri. Unapofungua f/1.4 unatumia milimita 36 za kioo hicho, pamoja na kingo zake zote mbovu. Unapofunga f/8 unatumia kama milimita 6 za katikati, pale penye heshima. Kioo hichohicho watu wanakiita takataka wakikitumia wazi, kikifungiwa tundu kinawapa kazi safi. Wanaolaumu kioo wanasingizia punda kwa makosa ya mwenye mkokoteni.

Najua majibu yenu. Nimeyasikia, na mengine niliwahi kuyatoa mwenyewe.

La kwanza: ukungu ni ushairi. Wajapani wana neno lake, boke, ambalo dunia nzima sasa inaliandika bokeh. Na Julia Margaret Cameron je? Mama huyo wa Uingereza alipewa kamera ya kwanza mwaka 1863, akiwa na miaka 48, akapiga nyuso kwa karibu zikiwa na ulaini, wakosoaji wa siku zake wakamcheka kwamba hajui fokasi, na leo picha zake ziko kwenye makumbusho. Je, na yeye aliiba?

Hapana. Cameron alipiga nyuso. Uso unavumilia ukungu. Ukilainisha shavu la mtu bado ni shavu lake, na pengine umemwona vizuri zaidi. Nukta haina cha kulainishwa. Ama ipo, ama haipo. Ukimlainisha te anaweza kuwa nuni, na hapo hujatafsiri hisia ya mtu, umebadilisha kauli yake. Anayetaka kumpiga bibi yake kwa f/1.4 dirishani, kwa mwanga wa asubuhi, Mungu ampe baraka. Natamani ningempiga yeye hivyo siku ile na kuliacha daftari lake lisomeke.

Tena kumbukeni upigaji picha ulivyoanza. William Henry Fox Talbot alipotoa kitabu chake, The Pencil of Nature, kwa mafungu kati ya 1844 na 1846, miongoni mwa picha zake aliweka ukurasa mmoja wa kitabu cha zamani, bila ua wala kikombe. Alikuwa anaonyesha kwamba chombo hiki kipya kinaweza kuwapa watafiti nakala ya hati. Fasihi na kamera ziliposhikana mikono kwa mara ya kwanza, zilishikana kwa ajili ya kusoma.

Jibu la pili linatoka upande mwingine kabisa, kwa wale mabwana wa vifaa. Wao wanasema kosa langu ni kutonunua lenzi ya makro. Eti vioo vya nyongeza ni vya wanafunzi, kitu cha kuchezea, mtu makini hafungi kioo cha bei ya mlo juu ya lenzi ya heshima.

Hawa nao wananikera, tena zaidi, kwa sababu maneno yao yanamfanya mtu asiye na pesa aache kabisa. Kuna mtu sasa hivi yuko Pemba, au Lamu, au Bujumbura, ana barua za babu yake ndani ya bati la biskuti na kamera ya kuazima. Ukimwambia bila makro asithubutu, hatanunua makro. Atafunga bati. Na mchwa hawasubiri mshahara.

Halafu hata kiufundi hawasemi kweli yote. Kioo cha nyongeza hakili mwanga. Njia nyingine ya bei nafuu ni pete tupu zinazokaa kati ya kamera na lenzi, nazo nazisifu, hazina kioo cha kuharibu chochote. Lakini pete ya milimita 25 nyuma ya lenzi ya milimita 50 inakupa nusu ya ukubwa halisi na kukunyang'anya zaidi ya nusu ya mwanga. Kioo hakikudai kitu. Na wanaotaka ubora zaidi wapo vioo vya tabaka mbili, vilivyogandishwa pamoja ili rangi zisiachane. Canon walitengeneza kinachoitwa 250D, cha nguvu ya +4, kwa lenzi za milimita 50 hadi 135, na Nikon walikuwa na familia yao ya 3T mpaka 6T. Hivyo si vya kuchezea. Ila hata hivyo vya kipande kimoja, ukifunga f/8, vitakusomea nukta. Kwa hati, hicho ndicho kipimo: nukta inasomeka au haisomeki. Mengine ni majivuno ya dukani.

Jibu la tatu ndilo lililoniuma: ungetumia simu tu. Ni kweli. Sibishi. Simu ya kawaida siku ile, iliyoshikwa wima juu ya karatasi, ingesoma shairi lote, kwa sababu kidirisha chake cha ndani ni kidogo na unene wa fokasi yake ni mkubwa. Mtu mwenye simu angemrudishia babu jibu lake. Mimi mwenye lenzi nzuri nilimrudishia ua. Kama umeshika f/1.4 na huna nia ya kuitumia kwa adabu, tafadhali chukua simu.

Kwa wale wenye nia, adabu yenyewe si ngumu. Hii hapa.

Tundu pana lina kazi yake, na kazi yake ni kutazamia. Fungua f/1.4, kitafutio kinang'aa, unene ni kama karatasi chache, kwa hiyo jicho linajua mara moja fokasi imekaa wapi. Usihangaike na pete. Ukiwa karibu hivyo, pete inabadilisha ukubwa zaidi kuliko fokasi. Sogeza kamera nzima mbele na nyuma, taratibu, mpaka nukta zisimame. Kisha funga mpaka f/8, au f/11. Usiende 16 wala 22 ukidhani unazidisha wema, kwa sababu tundu likiwa dogo mno mwanga wenyewe unaanza kutawanyika na ukali unapungua. Halafu tazama tena kabla ya kupiga, kwa kuwa baadhi ya lenzi hizi fokasi yake husogea kidogo tundu linapofungwa.

Kutoka 1.4 hadi 8 ni hatua 5, kila hatua inakata mwanga nusu. Umebaki na sehemu moja ya 32. Mahali uliposhika kwa sekunde 1/60 sasa unahitaji nusu sekunde, na hakuna mkono wa binadamu unaotulia nusu sekunde. Tumia stendi, au panga vitabu pande mbili na ulaze ubao juu yake. Piga kwa kipima saa cha kamera ili kidole chako kisitikise. Kuhakikisha kamera iko sambamba na karatasi, laza kioo kidogo cha kujitazamia juu ya ukurasa. Ukiiona lenzi yako katikati ya picha ikikutazama, umenyooka. Toa kioo, piga.

Ukurasa mzima kwanza. Kisha, kama una kioo cha +10, beti kwa beti, maana hicho kinakuonyesha eneo la kama sentimita 7 kwa 5. Weka rula pembeni badala ya ua. Na kabla hujamrudishia mwenye daftari, kaa naye, mkuze picha moja kwenye kioo, msome pamoja. Msipoweza kusoma, rudia pale pale, wino ungali mkavu na mwandishi angali hai wa kuulizwa.

Hilo la mwisho ndilo linaloniamsha usiku. Bibi alikuwa amekaa barazani, hatua kumi kutoka dirishani kwangu, anachambua mchele. Ningemuuliza: bibi, hapa umeandika nini? Sikumuuliza, kwa kuwa sikuwa nasoma. Nilikuwa natafuta pembe.

Na hapa nawageukia hata wale wasiogusa kamera. Tabia hii tunayo pia kwenye uhakiki wetu. Tunachagua mstari mmoja mtamu kutoka riwaya ya kurasa mia tatu, tunaung'arisha, tunauzungushia sifa, na vyote vilivyo mbele na nyuma yake tunaviacha viyeyuke. Msomaji anaondoka na “moyo” lakini hajui moyo wa nani, wala ulifanywa nini. Kusogea karibu si kosa. Kusogea karibu ndiyo kazi yetu. Kosa ni kusogea karibu halafu kufungua tundu lote, ili kionekane kile tu tulichokwisha kukipenda.

Babu yangu hakunilaumu. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akairudisha mfukoni. “Basi,” akasema, “nitamuuliza mwenyewe tukikutana.” Kisha akaomba kahawa.

Mwezi uliopita alinipelekea bahasha kwa mkono wa jamaa wa basi la Tanga. Ndani mlikuwa na barua saba alizomwandikia dada yake miaka yote ile na hakuzituma. Hati ileile, wino uleule wa bluu. Nimezipiga kwa lenzi ileile ya f/1.4 na kioo kilekile cha +4, kamera imekaa juu ya ubao, tundu f/8, rula pembeni. Ni picha baya kabisa, kijivu, hazina kivuli wala pumzi. Hakuna atakayeniuliza ni lenzi gani.

Nilichapisha moja nikamrudishia pamoja na bahasha yake, aikague. Akanipigia simu jioni.

“Nukta zote zimo,” akasema. “Piga na zilizobaki.”